Tulichagua mchana, tukalala usiku: mwaka wetu wa kambi kando ya Ziwa Victoria

Mvua imeanza saa tisa alasiri na bado inanyesha. Hema letu limetandazwa sebuleni juu ya makochi, maana nje hakuna tena pa kulikaushia, na nikiliacha limekunjwa litaota ukungu kama lilivyoota mwezi uliopita. Ni Aprili. Masika yamekolea hapa Mwanza, na hatutalala nje tena mpaka Juni.

Mkononi nina daftari la safari zetu. Tulianza Julai mwaka jana, tukaenda mara 6 hadi Februari: mimi, mume wangu, mwanetu wa miaka 9, na shemeji yangu ambaye ndiye mwenye gari. Kila safari niliandika tarehe, fedha tulizotumia, tulichokula na tulichokosea. Nimelisoma lote leo na nimeona kosa letu lilikuwa moja tu, ila kila mara lilivaa nguo tofauti. Tulikuwa tunachagua mahali pa kulala saa kumi jioni, jua linang'aa na maji yametulia. Kisha tunalala hapo saa nane usiku, na saa nane usiku mahali pale ni pengine kabisa.

Nawaandikia ninyi mnaopanga kuanza mvua zikikatika. Wengi mnaniuliza tu bei ya hema.

Basi nianze na hema. La kwanza nililinunua 95,000, mfuko wake umeandikwa la watu 4. Kwa uzoefu wangu, la watu 4 hulaza wawili na mtoto, mabegi yakibaki nje. Lilikuwa la kitambaa kimoja, bila kifuniko cha juu. Pumzi zetu usiku ziligeuka maji yakatudondokea, hata siku ambayo mvua haikunyesha. La pili lilitugharimu 260,000 na ndilo tulilonalo. Mkinunua, lifungulieni palepale dukani. Tazameni kama sakafu yake ya plastiki inapanda ukutani angalau kimo cha kiganja, na kama kifuniko cha juu kinashuka karibu kugusa ardhi. Zipu mzivute mara kumi. Muuzaji akinuna, ondokeni.

Safari ya kwanza ilikuwa upande wa Kayenze. Tulifika mapema, tukasimamisha hema kwenye mchanga, mlango ukiangalia ziwa. Upepo ulitoka majini kwenda nchi kavu, mtamu, kwa hiyo mume wangu akawasha moto nyuma ya hema, upande wa mashamba, ili moshi utukimbie. Ilikuwa hesabu sahihi kabisa kwa saa ile. Tukala sato wa kuchoma na ugali, tukaingia kulala, makaa bado mekundu.

Saa nane hivi niliamshwa na moshi. Upepo ulikuwa umegeuka. Sasa ulitoka mashambani kwenda ziwani na ulipuliza makaa yale moja kwa moja kwenye hema. Cheche zilikuwa zimeshatoboa tundu la ukubwa wa sarafu karibu na kichwa cha mwanangu. Mume wangu alitoka pekupeku akamwaga ndoo nzima ya maji ya kunywa.

Asubuhi tulikwenda mwaloni, wanakoshushia samaki, kununua maji mengine, nikamsimulia mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa. Alinishangaa. Kwao hilo ni jambo la kila siku: mchana ziwa hupuliza nchi kavu, usiku nchi kavu hupuliza ziwa. Nchi hupoa upesi jua likizama, maji yanabaki na joto lake, na hewa hufuata joto. Wavuvi wa mitumbwi ya tanga wamesafiri kwa kanuni hiyo miaka na miaka, wakitoka na upepo wa usiku na kurudi na wa mchana. Sisi tumezaliwa mjini hapahapa, kilomita chache tu kutoka mwaloni, na hatukuijua. Tangu siku hiyo moto wetu huwashwa ubavuni mwa hema, hatua 15 au zaidi, na huzimwa kwa maji kabla mtu hajalala. Haufukiwi mchanga, maana makaa yaliyofukiwa hukaa hai mpaka asubuhi na mtoto huyakanyaga.

Agosti tulikwenda Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Sina mengi ya kusema, ila kwamba ndipo tulipopaswa kuanzia. Ni karibu na mji, kuna uzio, kuna choo, kuna mlinzi, na ukishindwa usiku unarudi nyumbani. Baridi tu ndiyo ilitufunza. Usiku wa kiangazi hapa kwetu hushuka mpaka nyuzi 15 au 16, na baridi inayouma hutoka chini kuliko juu. Tulikuwa na mablanketi matatu ya kujifunika na mkeka mmoja wa kulalia. Geuzeni hesabu hiyo.

Septemba tulipanda Noah ya shemeji kwenda Lamadi, pale Serengeti inapokaribia kugusa ziwa. Tulipata uwanja mzuri karibu na maji. Nyasi zilikuwa fupi kama zimefyekwa, na kulikuwa na kinjia cha kushukia majini. Kinjia chenyewe kilikuwa na mifereji miwili na tuta katikati, kama alama za magurudumu, na mimi nilidhani ni mkokoteni. Tulikuwa tumeshagonga vigingi vyote alipopita mzee mmoja akirudisha ng'ombe. Mume wangu akamwamkia kwa Kisukuma. Mzee akaitikia vizuri, akatazama hema, akatazama kinjia, akauliza, "Mmelala kwenye njia ya nani?"

Hatukumwelewa. Akatuonyesha kwa fimbo: mifereji ile miwili ni miguu ya kushoto na ya kulia ya kiboko, na nyasi zile zimefyekwa na mdomo wake. Mchana hukaa majini. Usiku hutoka kula na hurudi kwa njia ileile. Ukisimama kati yake na maji, unakuwa umemfungia mlango wa nyumba yake. Mzee hakuondoka mpaka tulipong'oa kila kigingi, na alitusindikiza hatua kama 300 hadi karibu na boma lake. Nilimwambia ahsante nyingi, akanijibu, "Binti, ungeuliza kwanza." Usiku ule tulisikia miguno mizito ikipita kule tulikokuwa. Asubuhi tulikuta nyayo pana juu ya matundu ya vigingi vyetu.

Tangu hapo tuna desturi ambayo hatuivunji. Tukifika kijijini, kabla ya kushusha mzigo tunaonana na mwenyekiti wa kitongoji au viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, wa mwalo husika. Wanajua tumelala wapi, na tunawauliza maswali manne: kiboko na mamba hupita wapi, maji yalifika wapi mwaka wa 2020, upepo wa usiku unatoka wapi, na tukipatwa na jambo tumwamshe nani. Swali la 2020 ni muhimu, kwa sababu mwaka ule ziwa lilipanda sana likameza fukwe na nyumba, na mwenyeji atakuonyesha kwa kidole mahali lilipofika. Kuna pahala panapoonekana pakavu na imara, kumbe ni tope lililopigwa jua juujuu.

Safari ya Oktoba ilikuwa Ukerewe, na sehemu ngumu ilikuwa kumwambia mama.

Mama yangu hajapanda chombo chochote cha majini tangu MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996. Kaka yake alikuwa ndani. Mwili wake haukutambuliwa, na kila mwaka mama huenda makaburi ya Igoma walikozikwa wengi wa wale, anasimama tu pale, kwa kuwa hajui kaka yake ni yupi. Mwaka wa 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, alikaa na redio siku tatu bila kupika. Niliyajua yote hayo na bado nilimwambia juu juu, nikiwa nafunga begi, kana kwamba nakwenda sokoni. Akasema, "Wewe nenda. Mjukuu wangu niachie."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia meli za sasa si kama za zamani, na kwamba hawezi kumfungia mtoto maisha yake yote. Hakunijibu. Hilo ndilo jambo la mwaka mzima ninalolijutia kuliko hema kuungua.

Mwishowe tulizunguka kwa barabara, Bunda hadi Kisorya, ambako kivuko ni kifupi, na nilimnunulia mtoto jaketi lake la kujiokolea kwa 45,000, la kimo chake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Nililipeleka kwa mama kwanza. Alilivuta kamba zote, akalikagua mshono kwa mshono, ndipo akaruhusu. Naomba mnaokwenda visiwani na watoto msitegemee majaketi ya chomboni. Mengi ni ya watu wazima, na mtoto huponyoka ndani yake akiingia majini. Na kama mnatumia mtumbwi wa injini, vukeni asubuhi. Mchana upepo wa ziwani ukishanyanyuka mawimbi huwa makubwa.

Ukerewe tulilala uani kwa shangazi wa mume wangu, kati ya michungwa. Ilikuwa siku za giza, mwezi haupo, na hapo ndipo dagaa huvuliwa. Baada ya saa mbili usiku taa za wavuvi zilitapakaa juu ya maji hadi upeo wa macho, ukadhani kuna mji mwingine kule. Shangazi alisema zamani zote zilikuwa karabai. Sasa nyingi ni za sola. Mwanangu alizihesabu akafika 112 akalala. Mimi nilikaa nje mpaka macho yakaniuma. Sijawahi kuliona ziwa langu hivyo, na nina miaka 36.

Kosa la huko lilikuwa dogo: tuliwasha taa mlangoni mwa hema. Wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama mawingu ya moshi, waliifuata taa wakajaa ndani, kwenye chai, kwenye nywele, kwenye wali. Hawaumi, lakini huwezi kupumua vizuri. Kuleni kabla giza halijaingia, na taa itundikeni mbali, waifuate hiyo badala yenu.

Novemba nisingependa kuiandika, lakini ndiyo iliyobeba somo.

Vuli ilikuwa imeanza, mvua za hapa na pale. Tulikwenda upande wa Magu, kwenye mawe makubwa karibu na ziwa, haya mawe yetu ambayo yamelipa jiji sifa yake. Tulipata jiwe lenye paa, limeinama kama pango, na chini yake pametengemaa. Shemeji akasema hata mvua ikija tumekwisha kujificha. Sote tulikubali. Tulipokuwa tunashuka kuchota maji tuliona mitumbwi yote imevutwa juu kabisa ya mchanga, mingine imefungwa kwenye miti. Nikasema labda leo ni mapumziko. Jioni ziwa likaanza kumulika kwa mbali, umeme bila ngurumo, na tulikaa juu ya jiwe tukiutazama na kuusifia. Ziwa lilikuwa linatuambia, mitumbwi ilikuwa imetuambia, na hatukusikia.

Ilifika saa tisa usiku. Upepo kwanza, kisha radi iliyopiga jirani mpaka jiwe likatetemeka. Paa letu la jiwe lilikinga mvua kwa dakika chache tu. Kisha maji yote yaliyoangukia kilima kile cha mawe, ambayo hayana udongo wa kuyanywa, yakateremka kwa kasi na kukusanyika pale tulipo. Pale pametengemaa kwa sababu maji ndiyo hupatengeneza. Ndani ya muda mfupi yalifika vifundoni, magodoro yakielea. Mume wangu alimbeba mtoto, tukakimbia gizani kuelekea gari, hatua kama 200, kila mmweko ukituonyesha njia kwa nukta moja kisha giza tena. Nilianguka mara mbili. Tulikaa ndani ya Noah, madirisha yamefungwa, hadi kulipokucha.

Tulipoteza simu moja, magodoro mawili, jiko la gesi na mfuko wa nguo, jumla kama 410,000. Mwanangu alitapika kwa hofu. Mimi na mume wangu hatukusemeshana mpaka tulipofika Magu mjini, kila mmoja akimlaumu mwenzake moyoni, na mimi nikijilaumu zaidi kwa sababu mitumbwi niliiona mimi.

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba upepo ule wa Kayenze na dhoruba hii ni jambo moja. Usiku hewa ya baridi hushuka ziwani kutoka pande zote za nchi kavu, hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda, na huko juu hujenga mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwani huzaliwa usiku na kupiga usiku wa manane au alfajiri, wakati umelala fofofo na umeshajiaminisha kwamba jana jioni kulikuwa shwari. Sasa nasikiliza utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao hutoa tahadhari za Ziwa Victoria pia, na juu yake naangalia mitumbwi. Wavuvi wasipotoka, nasi hatulali. Radi ikikukuta, pango la jiwe si kimbilio, wala mti. Gari lililofungwa au nyumba imara ndiyo salama. Na hesabu: ukiona mmweko, hesabu mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1.

Desemba hatukwenda popote. Mtoto alianza kulalamika tumbo, kisha akaona damu kwenye choo. Nilimnunulia dawa za amiba dukani bila kipimo, tukapoteza wiki tatu. Kituo cha afya walipopima choo walikuta kichocho, na mimi pia ninacho. Tulikuwa tumeoga Kayenze na Ukerewe kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale konokono wanaobeba vimelea hukaa. Tulipewa prazikwanteli, vidonge vinavyohesabiwa kwa uzito au kimo, na tuliambiwa tule kwanza ndipo tumeze, maana tumbo tupu hukusumbua sana. Kitu ambacho wengi hawakijui: ukipimwa wiki moja baada ya kuoga, vimelea havionekani, na dawa haiviui vizuri vikiwa vichanga. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu ulipogusa maji, kapime. Ya kuogea sisi sasa tunachota, tunayaacha kwenye ndoo yenye kifuniko siku 2, au tunayachemsha kidogo. Mwanangu ameshazoea kutazama maji bila kuingia, ingawa inamuuma, na inaniuma kumnyima.

Februari, kiangazi kifupi, tulikwenda Rubondo. Tulijiwekea akiba tangu Septemba kwa ajili hiyo, na safari hiyo peke yake ilikula karibu sawa na zote tano zilizotangulia, kwa sababu ya boti. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko, kwa hiyo tulifika Nkome, kwenye boti, mapema. Kisiwa ni hifadhi tangu 1977. Sokwe wake ni kizazi cha wale 17 walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969, wengine wakiwa wamekulia vizimbani, wakaachiwa msituni wajifunze upya. Mwanangu alilishika hilo kuliko chochote. Aliuliza usiku wao wa kwanza walilala wapi, na hakuna aliyeweza kumjibu. Tulimwona nzohe, yule swala wa majimaji, kwenye matete, tukasikia sokwe bila kuwaona. Mbung'o wapo, vaeni nguo za rangi hafifu, si bluu wala nyeusi. Kabla ya kwenda pigeni simu hifadhini muulize ada za Watanzania na namba ya malipo, msibebe fedha taslimu mkitegemea langoni. Tulilala vizuri usiku zote mbili. Askari wa hifadhi alituonyesha pa kusimamisha hema, na tulimuuliza maswali yetu manne bila kuruka hata moja.

Chakula, nisisahau, kiligeuka kuwa kitu rahisi kuliko vyote. Mwanzo tulibeba mikate na soda. Siku hizi tunabeba michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, anavyoandaa mama, dagaa wa kukaanga, karanga, na majani ya chai. Havichachi, havihitaji barafu, na vikilowa unavianika.

Mama hakuwa akiuliza chochote kuhusu safari hizi. Alikuwa anafunga matobolwa kwenye kitambaa na kutukabidhi kimyakimya. Machi nilikwenda kumwomba radhi kwa maneno yale ya Oktoba. Aliniambia yamekwisha, akaendelea kuchambua mchele. Wiki iliyopita amekuja kukaa nasi, paa la chumba chake linavuja.

Sasa ni saa tatu usiku, umeme umekatika, naandika kwa tochi. Kumemulika dirishani. Mwanangu amekaa ndani ya hema hapa sebuleni, anahesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Kutoka chumba cha pili namsikia mama anahesabu naye. Wamefika tisa, ngurumo ikaja. "Kilomita tatu, bibi," mtoto akasema. Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na kule Rubondo, hema lilikuwa hatua ngapi kutoka majini?"